Bei ya Mkate Jumanne Ile

Jumatatu, 6 Mei

Pampu inavuta hewa kwenye friji ya mwenye bucha. Kazi hii haiharakishwi, kwa hiyo nakaa na kuandika.

Karani amepita karakana akitoka shule. Karani ni binti yangu – jina nilimpa mwenyewe, maana tangu ajue kushika kalamu hakuna kinachopita mbele yake bila kuandikwa. Siku moja nilikuta ameorodhesha vikombe vyote vya nyumbani, na kando ya cha kwangu: "kimevunjika mkono, mwenyewe hajali." Nilicheka, halafu nikaenda kununua gundi.

Amekuja na kazi ya shule. Kila mtoto atafute bei za vitu vya kila siku na habari za wakati alipozaliwa. Mkate, sukari, sabuni, nauli. Redio ilitangaza nini, watu walikuwa wanazungumza nini. Watatengeneza bango, na Ijumaa ya wiki ijayo watasoma mbele ya wazazi. Mwalimu wao naye kwa kuita wazazi!

Nikamwambia rahisi hiyo, tunatafuta gazeti la siku ile, tunamaliza. Akanitazama kama mteja aliyetajiwa bei ya kijinga.

"Baba, wenzangu wana siku moja. Mimi nina tatu."

Tatu zipi?

"Si zile za Mama. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nataka kujua alikuwa anakula nini, na kilikuwa bei gani. Na redio ilimwambia nini."

Nikainama kuangalia geji ambayo haikuwa na shida yoyote. Nikasema tutaona. Neno la waoga hilo – tutaona.

Jumanne, 7 Mei

Sijalala vizuri. Niandike hapa mara moja, angalau pawe na mahali pamoja penye ukweli.

Mke wangu alifariki siku ileile aliyomzaa Karani. Mtoto alikuja asubuhi, na kabla ya mchana mama hatukuwa naye. Damu. Ilikuwa Jumanne. Jumatano tukamzika. Hakuna siku tatu. Hazijawahi kuwepo.

Siku tatu ni za mama mkwe wangu. Karani alikuwa darasa la kwanza, mtoto mwenzake akamwambia mama yako alikufa hata hajakuona. Akarudi nyumbani analia mpaka anakosa pumzi. Nilikuwa mlangoni navua viatu, nikamsikia bibi yake: nani kasema? Mama yako alikubeba siku tatu nzima! Ya kwanza alikuimbia. Ya pili alikukata kucha kwa meno yake, ulikuwa unajikwaruza uso. Ya tatu ndipo akachoka. Mtoto akanyamaza palepale. Mimi nikavua kiatu cha pili, nikaingia, nikauliza kuna chakula gani.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii imetembea miaka mitano na wala haijachoka.

Simlaumu mama mkwe. Yaani namlaumu, lakini siku anazonikaripia kwa jambo lingine tu. Aliiacha nyumba yake akaja kwangu na begi moja. Alimzika mwanawe, kesho yake akawa anamwogesha mjukuu. Mimi wiki ile nilikuwa mtu wa kuelekezwa hadi mahali pa kukaa. Kwa hiyo nyumba ni yangu, lakini aliyeisimamisha ni yeye, na anajua.

Alhamisi, 9 Mei

Friji mbili leo, zote mpira wa mlango. Watu wanazisukuma kwa teke halafu wanashangaa.

Nimezungumza na mama mkwe wakati Karani anachota maji. Nikamwambia, Mama, hii kazi ya shule itatuumbua. Tumwambie wenyewe kabla hajaambiwa na watu. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. Akasema mtoto mwache na siku zake. Kwani zinamgharimu nani?

Nikasema ni uongo, Mama.

Akasema uongo ni wa kumtoa mtu kitu. Yeye alimpa.

Mchele aliupepeta mara ya pili ingawa ulishakuwa safi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimempeleka Karani maktaba. Magazeti ya zamani yako chumba cha nyuma, yamefungwa kamba mwezi kwa mwezi, na mkutubi anavaa barakoa kuyashusha. Vumbi! Nimepiga chafya mpaka nikaombwa nikae dirishani.

Wiki ile ilikuwa wiki ya mgao wa umeme. Hilo nilikuwa nimelisahau, mimi fundi wa mafriji! Ukuta wa uwanja wa mpira ulianguka usiku, hakuumia mtu. Nauli ilikuwa imepanda na makondakta wanapigana na abiria kwa maneno. Kulikuwa na tangazo la friji ya milango miwili, na nilipoona bei yake nikacheka kwa sauti, mkutubi akanikata jicho. Siku hizi bei ile hupati hata kompresa yake.

Habari aliyoipenda Karani ni ya gazeti la Jumatano. Mtu mmoja ameshtakiwa kwa kuiba kengele ya shule. Alikamatwa kwa sababu aliibeba begani huku inalia. Karani alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. "Mama lazima alicheka hii. Si alicheka?"

Nikasema angeicheka sana.

Akaandika. Nilisoma kwa mbali, nimezoea kusoma namba ndogo nyuma ya mashine: *Jumatano. Mama alisoma habari ya kengele, akacheka.*

Jumatano ile mimi nilikuwa nimeshika koleo. Udongo ulikuwa mkavu, watu walikuwa wananiambia basi, inatosha, tuachie sisi. Niliumia kuona sentensi ile. Lakini niseme na hili, maana hapa hakuna wa kunisikia: kwa muda mfupi nilimwona kweli. Amekaa kitandani na gazeti, anacheka kwa mdomo wazi vile alivyokuwa anacheka. Kumbe siku zile zinakolea hata kwa anayejua hazikuwepo.

Bei za vyakula hazimo gazetini. Mkutubi amesema hizo waulizeni wenye maduka. Karani akanigeukia: "Kwani wewe hukumbuki mkate ulikuwa bei gani?"

Nikasema sikumbuki.

Jumapili, 12 Mei

Nakumbuka. Mia mbili na ishirini, mkate wa moto. Naijua bei ile kuliko namba yangu ya simu.

Sitaki iingie kwenye bango la mtoto. Basi.

Jumatatu, 13 Mei

Limeharibika.

Tulikwenda kwa Chenji Hamna, mwenye duka la kona. Jina hilo kajitafutia mwenyewe – ukimpa noti anakurudishia pipi. Lakini ana kumbukumbu ya ajabu, na mke wangu alikuwa mteja wake wa kila siku. Ndiyo maana nilitaka niende peke yangu kwanza. Karani akanitangulia.

Akamwamkia, akafungua daftari, akauliza sukari ilikuwa kiasi gani wiki aliyozaliwa yeye. Chenji hata hakufikiri. Mia tisa kwa kilo! Anaikumbuka vizuri sana kwa sababu Jumatano ile alipima kilo ishirini zikapelekwa kwetu, chai ya watu msibani, na hakuchukua hata senti. Akasema mama yako alikuwa mtu wa watu, binti, wewe acha tu. Uwanja mzima ulijaa.

Alikuwa amefurahi, maskini. Alikuwa anasubiri ashukuriwe.

"Jumatano?" Karani akauliza.

"Jumatano. Si alifariki Jumanne ile, tukazika kesho yake? Muulize baba yako."

Hapo ndipo Chenji aliponitazama usoni. Akaingiza mkono kwenye mtungi, akampa mtoto pipi mbili, na wala hatukuwa tumenunua kitu.

Njia nzima Karani alinitangulia hatua chache. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, kila nikipata naona nyumba ile pale, tumefika. Mama mkwe akauliza sukari ilikuwa bei gani. Karani akajibu: "Mia tisa." Akaenda kulala na jua bado lipo.

Jumanne, 14 Mei

Anakula. Anaosha vyombo. Anasema asante. Ndiyo hiyo asante inayonitisha.

Mama mkwe anadhani ni homa, ameshika paji la uso wa mtoto siku nzima. Sijamwambia habari ya Chenji. Ndani ya nyumba moja tuko watatu, kila mmoja na lake.

Jumatano, 15 Mei

Amekuja karakana. Kaka mmoja alikuwa anasubiri feni yake, nikampa akaondoka hata sijamdai. Karani akakaa kwenye kreti, daftari limefungwa mapajani. Sijawahi kuliona limefungwa.

"Baba. Jumatano ulikuwa wapi?"

Nikazima pampu. Ukizima katikati inabidi uanze upya, lakini nisingeweza kushindana na kelele ile.

Nikamwambia nilikuwa namzika mama yako. Nilisema hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Nilikuwa nimepanga maneno mengine tangu juzi, yote yakaniruka.

Hakulia. Akauliza Jumanne ilikuwaje.

Nikamsimulia. Asubuhi mkunga alitoka akasema ni binti, mama mzima, ana njaa, mletee mkate na chai. Nikatoka mbio. Nje ya geti la hospitali kulikuwa na duka, na mkate ulikuwa umechelewa kwa sababu ya ule mgao wa umeme. Mwenye duka akasema wa jana upo. Nikasema hapana, leo nimepata mtoto, leo mke wangu hali mkate wa jana! Watu kwenye foleni wakacheka, wakanipongeza. Nikasubiri wa moto. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa na watu wanaingia na kutoka kwa kukimbia.

Hapo nikaligeukia sanduku la vifaa. Nilijifanya natafuta bisibisi.

Karani alisubiri. Halafu akauliza: "Huo mkate uliishia wapi?"

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia ukweli. Bibi yako aliukuta kwapani mwangu jioni, umebonyea. Akautoa polepole, kama anamtoa mtoto aliyelala. Alipoupeleka sijui.

"Kwa hiyo hakunibeba."

Nikasema alikubeba! Nilisema kwa nguvu mpaka fundi wa jirani akachungulia. Mkunga mwenyewe aliniambia. Walikulaza kifuani kwake, akakushika kwa mikono miwili, akasema, mbona mzito hivi. Hayo ndiyo maneno. Mbona mzito hivi. Alikuwa anacheka.

"Muda gani?"

Nikasema mkunga hakuangalia saa. Kama muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

Akafungua daftari. Nikadhani ataandika maneno ya mama yake. Akauliza: "Mkate ulikuwa bei gani?"

"Mia mbili na ishirini."

Akaandika. Sasa ndipo machozi yakamtoka, yakadondokea kwenye namba, akayafuta na ukingo wa kiganja, wino ukavurugika. Nikamvuta kwangu. Nilikuwa na grisi hadi viwikoni, sare yake ya shule imeharibika kabisa. Tulikaa hivyo. Nilitaka kumwomba msamaha kwa miaka mitano, nikaona nikianza nitamgeuzia yeye kazi ya kunibembeleza. Nikaacha.

Wakati wa kuondoka akasema, "Usimwambie Bibi kwamba najua."

Kwa nini?

"Atalia."

Alhamisi, 16 Mei

Nilidhani jana ndiyo ilikuwa siku ngumu.

Leo jioni Karani amekaa na bibi yake jikoni, daftari wazi. Nilikuwa nakaza bawaba ya kabati. Akauliza, sauti ya kawaida kabisa: "Bibi, nimebakiza Alhamisi. Siku ya tatu Mama alifanya nini?"

Nikamkazia macho. Hakunitazama.

Mama mkwe akaacha kumenya viazi. Uso wake ukafunguka – sina neno lingine. Akasema siku ya tatu mama yako aliomba nimsuke. Akaketi chini, kichwa magotini pangu kama alipokuwa mdogo. Nikamsuka mistari minne, ya kurudi nyuma. Akanung'unika, Mama, unavuta sana! Na mikono yake, mama mkwe, ilikuwa inasuka hewani, vidole vinagawa nywele ambazo hazipo, anapanga, anavuta, anafunga ncha.

Bisibisi ikanianguka.

Kwa sababu alimsuka kweli. Mistari minne. Nilikuwa mlangoni, nilimwona. Jumanne alasiri, kabla hatujamvalisha. Alikataa wanawake wengine wasimsaidie, akasema huyu haendi popote na nywele timtim, ni msusi huyu, watu watasema nini. Alikuwa anamsemesha huku anamsuka: nisamehe, navuta, nisamehe.

Miaka mitano nimekuwa nikijiona mtu mkweli anayevumilia uongo wa bibi kizee. Wala hakuwa anatunga. Alimchukua mwanawe kwenye siku ile na kumpeleka mbele kidogo, Alhamisi, akiwa hai bado, analalamika nywele zinavutwa. Nimejisikia mdogo sana pale chini nikitafuta bisibisi.

Karani aliandika yote. Kisha akauliza taratibu: "Alisema unavuta?"

"Alisema. Alikuwa na kichwa laini tangu utotoni. Kama wewe."

"Basi nisuke na mimi, Bibi. Kesho nasoma mbele ya watu."

Wakahamia barazani. Niliona mistari minne.

Baadaye nikamuuliza Karani kesho atasoma nini. Za kweli au zile tatu? Nikamwambia mimi sitamkasirikia kwa lolote. Akasema nitasikia na wazazi wengine. Ana haki. Miaka yote alisikia tulichotaka asikie.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika nikiwa darasani, nyuma, kwenye kiti cha mtoto. Magoti yananigusa kidevu. Yule mwenye bucha yuko kwenye kiti kama changu na ananitazama kwa huruma, wakati yeye ndiye aliyekwama.

Mama mkwe yuko mstari wa mbele. Amevaa gauni lake la arusi za watu. Ameshamwambia kila aliyekaa jirani: wenzake wana siku moja, mjukuu wangu ana tatu, mtasikia. Wanaitikia. Wawili au watatu kati yao walikuwepo Jumatano ile, nawaona wanavyotazama sakafu.

Na Chenji Hamna naye yupo! Mjukuu wake yuko darasa hili. Alinijia pale mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili. Mtu mwenye kumbukumbu kama ile, na mdomo kama ule. Amekaa nyuma tu ya mama mkwe. Mtoto akisoma siku tatu, Chenji atavumilia? Akisoma moja, mama mkwe atatoka mlango huu vipi, na watu wote wanamtazama?

Nilitaka nimwambie mwalimu amruke. Nimekaa. Si yangu tena.

Watoto sita wameshasoma. Sabuni ilikuwa bei hii, nauli bei ile, baba mmoja anabisha bei ya mafuta ya taa na mke wake anamvuta shati. Watu wanacheka. Kumbe wote tulikuwa mwaka mmoja, na kila mmoja ana mwaka wake.

Anaitwa Karani. Kwa jina lake la shuleni, sekunde nzima sikutambua ni nani.

Amekwenda mbele. Bango limebandikwa, bei zote zipo, naiona mia mbili na ishirini kutoka huku, ameiandika upya, safi. Ila habari ya kusoma hajaiweka kwenye bango. Ameshika karatasi mbili.

Mwalimu anamwambia anza.

Haanzi. Anamtazama bibi yake. Mama mkwe amenyoosha shingo, anatabasamu, midomo inacheza kidogo kama mtu anayejua wimbo utakaoimbwa. Mkono wake mmoja umeshika ukingo wa meza, vidole vimekaza mpaka vimebadilika rangi. Kwa nini umekaza hivyo, Mama? Unajua nini?

Chenji ameinamisha kichwa.

Karani amelaza karatasi moja mezani, maandishi yakiwa chini. Amebaki na moja. Anavuta pumzi. Kutoka hapa siwezi kuona ni ipi.